Naira na sefa: kiwango ambacho hakuna aliyekaa akakipanga

Fungua majedwali ya takwimu za kimataifa utakuta kwamba mwaka 1985 naira moja ya Nigeria ilikuwa sawa na faranga 500 hivi za CFA (hutamkwa sefa), fedha inayotumika Benin, Niger, Togo, Senegal na baadhi ya jirani zao. Mwaka 2024 naira hiyohiyo haikununua hata nusu faranga. Ukivuta mstari kutoka namba ya kwanza hadi ya pili unapata mteremko wa kutisha, na ndivyo watu wengi wanavyouchora kabla ya kuanza kumsaka wa kulaumiwa.

Shida ni kwamba ile 500 ya mwaka 1985 ilikuwa ya kwenye karatasi. Mchuuzi aliyefika mpakani Seme mwaka ule, kati ya Lagos na Cotonou, na naira zake mkononi, asingempata mtu wa kumpa faranga 500. Angepewa chini ya theluthi ya hizo, na angeshukuru. Tena 1985 haukuwa mwaka wa neema kwa Nigeria. Bei ya mafuta ilikuwa ikiporomoka, madeni yamerundikana, na wanajeshi walikuwa wamerudi madarakani. Imekuwaje basi fedha ya nchi iliyokuwa ikiyumba ionekane kileleni mbele ya fedha ya jirani?

Ili kujibu hilo, kwanza tuelewe kiwango hiki kinatoka wapi. Benki Kuu ya Nigeria hutangaza bei ya CFA, lakini namba hiyo huzaliwa na hesabu ya kugawanya. Unachukua idadi ya faranga zinazonunua dola moja, unagawanya kwa idadi ya naira zinazonunua dola hiyohiyo. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa faranga 211 kwa wastani, na ilikuwa kobo 55 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu naira. Gawanya 211 kwa 0.55, unapata kama 385. Hiyo ndiyo bei ya naira kwa CFA mwaka ule. Ni bei mbili zilizokutanishwa na kikokotoo, moja ya Lagos na dola, nyingine ya Paris na dola.

Kwa hiyo mstari wako unapopanda au kushuka, swali la kwanza ni upande upi umesogea. Mara nyingi kuliko unavyodhani, mjongeo hautoki Afrika Magharibi kabisa.

Tuanze na upande wa CFA kwa sababu ndio mwepesi kueleza. Faranga hii ilizaliwa tarehe 26 Desemba 1945 kwa amri ya Ufaransa, na herufi zake wakati ule zilisimamia Makoloni ya Kifaransa ya Afrika. Baada ya uhuru herufi zilibaki, maana ikabadilishwa: upande wa magharibi ikawa Jumuiya ya Kifedha ya Afrika. Mwanzoni faranga moja ya CFA ilikuwa na thamani ya faranga 1.70 za Ufaransa, na mwaka 1948 ikawa 2. Naam, ya koloni ilikuwa nzito kuliko ya mkoloni. Mwaka 1960 Ufaransa ikafuta sifuri mbili kwenye fedha yake, na kuanzia hapo faranga 50 za CFA zikawa sawa na faranga moja mpya ya Ufaransa. Jina la kipimo lilibadilika, uzani haukubadilika. Tangu 1948 hadi mwanzoni mwa 1994 kamba hiyo iliyoifunga CFA kwenye faranga ya Ufaransa ilikaa palepale.

Yuro ilipoingia, kamba ikahamishwa kutoka faranga ya Ufaransa kwenda kwenye yuro. Ndiyo maana leo yuro moja ni faranga 655.957 za CFA, namba inayoonekana kama imeokotwa njiani. Haijaokotwa. Ufaransa iliingia kwenye yuro kwa faranga zake 6.55957, na kila moja ya hizo wakati huo ilikuwa na thamani ya faranga 100 za CFA, si 50 tena, kwa kisa cha 1994 tutakachokiona mbele. Zidisha, yakaisha. Wasomaji wa Moroni wanaijua hesabu hii hata bila kufundishwa, kwa kuwa faranga ya Komoro imefungwa kwenye kigingi hichohicho, ila kwa urefu tofauti wa kamba: 491.96775 kwa yuro.

Kuna jambo moja dogo linalowapoteza wengi. Zipo faranga mbili za CFA. Moja hutolewa na benki kuu yenye makao Dakar kwa nchi nane za magharibi, nyingine na benki kuu iliyoko Yaoundé kwa nchi sita za Afrika ya Kati. Kwenye majedwali ya kimataifa ya kwanza ni XOF, ya pili XAF. Thamani ni moja, noti ni tofauti, na noti ya Yaoundé haikununulii mkate Cotonou. Nigeria, ukitazama ramani, imezungukwa na zote mbili: Benin magharibi na Niger kaskazini kwa XOF, Chad na Kameruni mashariki kwa XAF. Mpaka wake wote wa nchi kavu ni CFA. Jambo hilo tutalirudia.

Upande wa naira hadithi ina kelele zaidi. Waingereza waliunda bodi ya fedha ya Afrika Magharibi mwaka 1912, kaka wa ile bodi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1919 iliyotuletea shilingi. Nigeria ikapata benki kuu na pauni yake mwaka 1959, na tarehe 1 Januari 1973 ikaachana na pauni: naira mbili kwa kila pauni moja. Naira ilianza maisha ikiwa na thamani ya zaidi ya dola moja na nusu, sawa na faranga za CFA zipatazo 390. Miaka saba baadaye, kama tulivyoona, bado ilikuwa palepale kwenye 385. Kati ya hapo mafuta yalipanda bei mara mbili, 1973 na 1979, na dola zikamiminika. Wakati ule si Mnigeria aliyevuka mpaka kutafuta nafuu. Waghana, Wabenin, Watogo na Waniger walivuka kwenda kwake kutafuta kazi, mpaka Januari 1983 serikali ya Lagos ilipowaamuru wageni wasio na vibali waondoke.

Sasa turudi kwenye fumbo la 1985.

Mwaka ule dola ilikuwa na nguvu zisizo za kawaida duniani kote, hadi nchi tajiri zikakutana New York mwezi Septemba kukubaliana namna ya kuishusha. Faranga ya Ufaransa ilikuwa miongoni mwa fedha zilizobanwa, na CFA, ikiwa imefungwa nayo, ikaburutwa: kutoka 211 kwa dola mwaka 1980 hadi wastani wa 449. Serikali ya Nigeria nayo ilikuwa imegoma kushusha thamani ya naira licha ya kusukumwa na Shirika la Fedha Duniani. Dola bado ilihesabiwa kuwa kobo 89. Naira basi ilikuwa imepanda mgongoni mwa dola wakati CFA imeburutwa na Paris. Gawanya 449 kwa 0.89 na hiyo ndiyo 500 yako. Haikutokana na nguvu ya Nigeria hata chembe.

Na kwa kuwa bei hiyo haikuwa ya kweli, ililindwa kwa vibali, foleni na kufuli. Ili upate dola kwa kobo 89 ulihitaji leseni ya kuagiza bidhaa. Asiye nayo alikwenda mtaani, ambako dola ilikuwa naira tatu hadi nne. Aprili 1984 serikali ya kijeshi ilifunga mipaka ya nchi kavu na kubadilisha noti ghafla, lengo mojawapo likiwa kuwanasa waliokuwa wameficha naira nje ya nchi. Fikiria mfanyabiashara wa Cotonou aliyeamka na gunia la naira zilizogeuka karatasi usiku mmoja. Baada ya hapo unadhani aliipa naira bei gani? Mbadilishaji fedha wa mpakani hauzi noti pekee. Anauza pia hofu yake kwamba noti hiyo kesho huenda isipokelewe, na hofu hiyo ina bei.

Septemba 1986 serikali ya kijeshi ya Babangida ikafungua soko la pili la fedha za kigeni na kuiachia naira itafute kimo chake. Wastani wa 1987 ukawa naira 4 kwa dola. Kwa CFA, naira ikawa kama faranga 75, kutoka 500 miaka miwili tu nyuma. Hapa ndipo nawaomba wachoraji wa mistari watulie. Katika miaka hiyohiyo miwili dola nayo ilikuwa imeanguka, kutoka faranga 449 hadi 300. Yaani hata kama Nigeria isingefanya lolote, naira iliyong'ang'ania dola ingepoteza theluthi ya thamani yake mbele ya CFA. Tena kwa yule mchuuzi wa Seme anguko halikuwa la 500 hadi 75. Yeye alikuwa ameshazoea mia na ushei. Bei ya vitabuni ndiyo iliyoshuka kutoka ghorofani ikaikuta ya mtaani imekaa chini siku nyingi.

Miaka iliyofuata upande wa CFA ndio ulioanza kuugua. Dola dhaifu iliinyanyua faranga ya Ufaransa na CFA pamoja nayo, huku kahawa, kakao na pamba zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Wenye fedha walinusa mapema. Noti za CFA zilitoka kwa masanduku kwenda kubadilishwa Ulaya, kiasi kwamba tarehe 2 Agosti 1993 benki kuu ya Dakar ikaacha kununua noti zake zilizokuwa nje ya eneo lake. Tarehe 11 Januari 1994, viongozi wakiwa Dakar, ikatangazwa kwamba faranga ya Ufaransa sasa ni CFA 100 badala ya 50. Nusu ya thamani ikayeyuka usiku mmoja. Komoro walikwenda 75, ndiyo maana kamba yao ni fupi hadi leo. Dawa na mchele kutoka nje vilipanda bei, na kizazi kizima cha Abidjan na Dakar hadi leo hukielewa kisa hicho kwa neno moja tu: devaluation, kwa matamshi ya Kifaransa.

Kwenye jedwali letu, naira iliamka siku iliyofuata ikiwa na thamani maradufu mbele ya CFA, kutoka kama 13 hadi kama 27, bila kufanya kazi yoyote.

Na hapa ndipo penye mtego mbaya kuliko yote. Serikali ya kijeshi ya Abacha huko Nigeria, Januari hiyohiyo ya 1994, iliifunga naira kwenye 22 kwa dola. Mwaka 1995 ikaruhusu soko la pili lililo halali, ambako dola ilikuwa naira 80 na kitu, lakini ile 22 haikufutwa. Iliendelea kuwepo kwa matumizi ya serikali na wateule wake hadi mwisho wa 1998. Kwa hiyo ukiuliza naira ilikuwa faranga ngapi mwaka 1995, kuna majibu mawili na yote yana mhuri wa serikali: kama 23, au kama 6. Aliyeruhusiwa kununua dola kwa 22 na kuiuza kwa 80 hakuhitaji kiwanda wala duka. Alihitaji simu ya mkubwa.

Majedwali mengi ya kimataifa yamechukua ile 22. Matokeo yake, ukiyasoma bila kujua kisa, unaona naira imetulia kama maji ya mtungini kuanzia 1994 hadi 1998, kisha mwaka 1999 inaporomoka kutoka 22 hadi 92 kwa dola, na kwa CFA kutoka 27 hadi chini ya 7. Mwaka 1999 ndio mwaka wanajeshi walipokabidhi madaraka kwa raia. Nimewahi kuona hoja nzima ikijengwa juu ya namba hizo, kwamba demokrasia iliiua naira. Hakuna kilichokufa mwaka ule. Ilifutwa bei ya upendeleo, na jedwali likaanza kuonyesha kile ambacho wafanyabiashara walikuwa wakilipa miaka minne nyuma.

Baada ya hapo mambo yanapoa kwa muda: kama 7 mwaka 2000, chini ya 4 mwaka 2008, 3 hivi mwaka 2014. Mteremko wa 2000 hadi 2008 unafaa kutazamwa, kwa sababu ni mfano safi wa jambo nililolisema mwanzoni. Kwa dola, naira ilitoka 102 hadi 119 tu, yaani ilijikaza. Mbele ya CFA ikapoteza karibu nusu. Kilichotokea ni kwamba yuro, iliyokuwa chini ya dola moja mwaka 2000, ilifika karibu dola moja na nusu mwaka 2008, ikaibeba CFA juu. Mfugaji wa Niger aliyeuza ng'ombe kwa naira mwaka 2008 alipata faranga chache kwa sababu ya mambo ya Frankfurt na Washington, ziliko benki kuu za yuro na dola, na pale sokoni bila shaka alimlaumu Mnigeria.

Mwaka 2014 bei ya mafuta ikaanguka na Nigeria ikarudia wimbo wa zamani. Benki kuu iliishikilia bei, dola zikaadimika, soko la mtaani likajitenga. Juni 2016 bei ikaachiwa, ikatoka 197 hadi 282 kwa dola siku ya kwanza, halafu ikashikiliwa tena. Zikazuka bei za kila namna: ya serikali, ya wawekezaji, ya mtaani, na hata mahujaji wa mwaka ule waliendelea kupewa dola kwa 197. Septemba 2021 benki kuu ilimgeukia mchapishaji wa tovuti iliyokuwa ikitangaza bei za mtaani, ikimtuhumu kuichezea naira, na tovuti ikaacha kutangaza. Bei za mtaani zikaendelea kama kawaida, kwa kuwa hazikuwahi kukaa kwenye tovuti. Zinakaa kwa watu ambao Lagos huwaita aboki, neno la Kihausa lenye maana ya rafiki, maana wengi wa wabadilishaji wa mtaani ni Wahausa.

Kisha ikaja Juni 2023. Serikali mpya ya Rais Tinubu iliunganisha masoko, na ndani ya siku chache dola ikatoka naira 471 hadi zaidi ya 700. CFA wakati huo ilikuwa kama 606 kwa dola. Ukigawanya utaona kilichotokea: naira ilitoka faranga 1.3 hadi chini ya moja. Kwa mara ya kwanza katika takwimu rasmi faranga ikawa nzito kuliko naira. Magazeti yaliandika kama tukio la siku moja. Mtaani mstari huo ulikuwa umeshavukwa kabla, kwa sababu aboki alikuwa akiuza dola kwa zaidi ya 700 hata kabla ya uamuzi huo. Mwaka 2024 dola ilikuwa kwa wastani karibu naira 1,500, na naira ikatua kwenye faranga 0.4.

Mpakani hii si hesabu ya darasani. Uchumi wa Benin umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kumuuzia Mnigeria: mchele, magari yaliyotumika, kuku wa barafu, vitu vinavyoshushwa bandari ya Cotonou kisha vinavuka, kwa njia halali au kwa njia za porini. Naira inaposhuka, mteja yule haji, au anakuja na kapu dogo. Mkondo wa pili unakwenda kinyume. Bidhaa za viwanda vya Nigeria zinakuwa rahisi, zinafurika masoko ya Cotonou. Petroli ndiyo kisa chenye ladha zaidi. Kwa miaka mingi Wabenin wamejaza pikipiki zao kwa kpayo, petroli ya magendo ya Nigeria inayouzwa kandokando ya barabara kwenye chupa na madumu. Tarehe 29 Mei 2023 Tinubu alitangaza kwamba ruzuku ya mafuta imekwisha. Lita iliyokuwa chini ya naira 200 ikapita 600 ifikapo Julai. Unatarajia bei ya kpayo kwa faranga ipande mara tatu vilevile. Haikuwezekana ipande kiasi hicho, kwa kuwa naira zenyewe zilikuwa zinayeyuka: sera moja iliipandisha lita kwa naira, nyingine ikaishusha naira kwa faranga.

Upande wa Niger, ng'ombe, mbuzi na vitunguu huteremka kusini kwenda masoko ya Nigeria na hulipwa kwa naira. Huko watu wana hesabu yao ambayo hakuna jedwali linaloionyesha. Kwa Kihausa cha Niger, faranga tano huitwa dala moja, na bei sokoni hutajwa kwa dala. Kwa hiyo mfugaji akiambiwa bei kwa naira, anaivusha kwenda kwenye faranga, kisha anaigawanya kwa tano kichwani, huku ng'ombe anavuta kamba. Atakayemcheka na ajaribu.

Kuna onyo moja zaidi kwa wanaopenda kulinganisha miaka. Kiwango hiki hakipimi utajiri. Kwa miongo mingi bei za vitu Nigeria zimepanda kwa kasi kubwa, mwaka 1995 pekee kwa zaidi ya asilimia 70, ilhali eneo la CFA limezoea asilimia chache tu kwa mwaka, ukiondoa mshtuko wa 1994. Fedha ya nchi yenye mfumuko mkubwa lazima ishuke mbele ya jirani yake, hata kama mishahara nayo inapanda kwa idadi ya noti. Anayesema Mnigeria wa leo ni maskini mara elfu moja kuliko wa 1985 kwa sababu 500 imekuwa 0.4, amelinganisha bei ya leseni ya wakubwa na bei ya soko, halafu akasahau mfumuko wa miaka arobaini.

Ukitaka kuichimba historia hii mwenyewe, chukua bei ya mwaka wa CFA kwa dola, chukua ya naira, lakini kwa miaka ya 1982 hadi 1986, 1994 hadi 1998, na 2015 hadi 2023, tafuta na bei ya mtaani uiandike pembeni. Pengo kati ya safu hizo mbili linasema mengi kuliko safu yoyote peke yake.

Jambo moja nimelipenda katika haya yote. Kwa nusu karne, mtu aliyefika Seme aliuliza naira moja ni faranga ngapi, kwa kuwa naira ndiyo iliyokuwa kubwa. Siku hizi swali hilo linatoa jibu la desimali, na hakuna anayefanya biashara kwa desimali. Wamelipindua. Unashika noti ya faranga elfu moja, unauliza naira ngapi. Kwa wastani wa 2024, kama 2,400.